Nani Anayesema "Sisi"?

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii aghalabu tunaitumia kumnyamazisha mtu: wewe hukupatwa na haya yangu, basi usinifundishe. Kuna kitabu kimoja cha Kimarekani ambacho kimeichukua hekima kama hiyo na kuifanya dawa. Ikiwa maiti pekee ndiye aijuaye adhabu ya kaburi, kitabu hicho chasema kwa kirefu chake, basi maiti ndiye atakayeweza kumtoa maiti mwenzake. Jina lake ni Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, na kilitolewa New York mwezi wa Aprili 1939. Wasomaji wake wamezoea kukiita Kitabu Kikubwa, kwa kuwa toleo la kwanza lilichapwa kwenye karatasi nene ili mnunuzi aone kwamba fedha yake haikupotea bure. Chama kilichochukua jina la kitabu hicho kimeenea duniani, na hatua zake 12 zinasomwa hata katika nyumba za vijana walioacha unga kule Unguja.

Madaktari na watu wa dini wamekisema sana kitabu hiki, kila mmoja kwa shabaha yake. Mimi nataka kukisoma kama tusomavyo kitabu chochote kingine, kwa kuuliza ni nani anayesema, anasema na nani, na kwa haki gani. Hoja yangu ni moja. Nguvu ya kitabu imo katika kijineno "sisi", na udhaifu wake huonekana kila mahali neno hilo linaposemwa na asiyestahili kulisema. Jambo hili linatuhusu, kwa sababu hatua hizo 12 zimekwisha kuingia nyumbani kwetu, na namna tunavyozisoma inaweza kumponya mtu au kumuua.

Kisa cha mwanzo kinajulikana, lakini hakina budi kurudiwa kwa ufupi. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa la New York, alikuwa ameacha pombe tangu Desemba 1934. Mei 1935 alikwenda Akron, katika jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara iliyomharibikia. Akabaki peke yake hotelini, mfukoni hana kitu cha maana, na baa iko hatua chache tu kutoka alipokuwa amesimama. Alichofanya ni kupiga simu kwa watu wa kanisa, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mlevi wa kuzungumza naye. Tuangalie vizuri hapo: hakutafuta daktari wala mtu wa kumwombea dua, bali mlevi. Hatimaye akakutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji, ambaye alikubali kumpa dakika 15 tu. Wakakaa saa kadhaa. Dk. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na hiyo ndiyo siku inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa chama.

Wilson hakwenda kwa Smith kama mfadhili amwendeavyo maskini. Alikwenda kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa karibu kuanguka. Sisi husema mgonjwa haulizwi uji, tukimaanisha kwamba yupo mzima wa kuupika. Akron walikutana wagonjwa wawili, na kila mmoja akampikia mwenziwe. Hakuna aliyetoa bila kupokea, na kwa hiyo hakuna aliyedhalilika.

Walimu wetu wa fasihi walitufundisha kutenga fani na maudhui, kisha wakatuonya kwamba viwili hivyo haviachani. Kitabu hiki ni ushahidi mzuri wa onyo hilo. Kabla ya kuchapwa, nakala za rasimu zilisambazwa ili watu watoe maoni. Hati iliyosahihishwa kwa kalamu ilichapishwa yenyewe mwaka 2010, na mtu anaweza sasa kuona nini kilifutwa na nini kiliwekwa badala yake. Mahali pengi palipokuwa na "wewe" pameandikwa "sisi". Mahali pengi palipokuwa na amri pamelegezwa pakawa na ushauri. Hata sharti la kupiga magoti katika hatua ya saba liliondolewa. Waandishi walihisi kwamba mlevi amekwisha kuambiwa "wewe" na mkewe, na mwajiri wake, na hakimu, na kwamba neno hilo limechakaa masikioni mwake.

Hatua zenyewe 12 zimeandikwa kwa nafsi ya kwanza wingi na kwa wakati uliopita. Msomaji wa Kiswahili analiona jambo hili vizuri zaidi kuliko msomaji wa Kiingereza, kwa sababu sisi tunalibeba lote katika kipande kimoja kidogo cha kitenzi: tuli-. Hatua ya kwanza haimwambii mtu "kiri". Inasema tulikiri. Hatua ya nane haimwambii aandike orodha ya watu aliowadhulumu. Inasema kwamba tuliiandika. Hii ni taarifa ya safari iliyokwisha kufanywa, na wanaoisimulia wamekaa mbele yako wakiwa hai. Msomaji haamrishwi. Anaonyeshwa nyayo.

Sehemu ya pili ya kitabu ni visa vya wanachama, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye fasihi ya kweli. Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha Dk. Smith mwenyewe. Ni kifupi, kikavu, hakina machozi. Anaeleza jinsi alivyokuwa akificha chupa ndani ya makaa ya mawe na penginepo nyumbani, na jinsi alivyokuwa akiingiza vichupa vidogo ndani ya soksi zake, mpaka hila hiyo nayo ikajulikana. Anachekesha bila kujipendekeza. Halafu anakiri jambo ambalo mhubiri angelificha: kwamba tofauti na wenzake wengi, yeye hamu ya pombe haikumtoka upesi, bali ilimwandama kwa miaka miwili na nusu tangu aache. Anapoeleza kwa nini maneno ya Wilson yalimwingia, hasemi kwamba Wilson alikuwa na elimu mpya. Asema huyo ndiye mtu wa kwanza aliyezungumza naye ambaye aliujua ulevi kwa kuupitia. Kwa maneno yetu, alikuwa amelala kwenye kitanda hicho akawajua kunguni wake.

Basi ikiwa "sisi" ndiyo dawa, mtu huuliza mara moja ni akina nani waliomo ndani yake. Toleo la 1939 lilikuwa na kisa kimoja tu cha mwanamke mlevi. Mwanamke huyo baadaye alirudia pombe, na toleo la 1955 lilipotoka kisa chake hakikuwamo. Simlaumu mhariri kwa kukiondoa. Lakini kitabu kinachokusanya sauti za walioshinda tu hakina pahala pa kumweka aliyesimama akaanguka, na katika habari ya ulevi watu wa namna hiyo ni wengi. Mtu aliyeteleza hukifungua akakuta wenziwe wote wameshafika ng'ambo.

Kosa kubwa zaidi limo katika sura iliyoandikwa kwa ajili ya wake. Sura hiyo inazungumza kwa sauti ya wanawake wenye waume walevi: sisi wake tumeona hivi, sisi tumestahimili vile. Aliyeiandika ni Bill Wilson. Mkewe, Lois, alitaka kuiandika yeye, naye akakataliwa kwa hoja kwamba mtindo wa kitabu usibadilike, jambo lililomuuma kwa muda mrefu. Msomaji asiyejua habari hii bado ataihisi. Sura inamwusia mke asikasirike, asimsimange mumewe, asiharakishe mambo. Wasia huo unafanana na ule ambao somo humpa mwari, ila hapa aliyejitanda kanga ya somo ni bwana harusi mwenyewe. Ushauri mwingine uliomo ni wa busara. Lakini "sisi" hii ni ya kuazima, na mwenye mali hakuombwa. Haki ilirudi kwa mwenyewe mwaka 1951, Lois Wilson aliposaidia kuanzisha Al-Anon, chama cha jamaa za walevi, ambamo wake walizungumza kwa vinywa vyao. Nadhani hakuna uhakiki wa sura ile unaoushinda huo.

Sura inayowaelekea wenye shaka juu ya Mungu ina kasoro ya aina hiyo, ingawa ndogo zaidi. Inaanza kwa kusema "sisi" pamoja na mwenye shaka, na kabla ya kufika mwisho imekwisha kumwacha, kwa kuwa wanaosema walikuwa na shaka zamani na sasa hawanayo. Hata hivyo, ndani ya chama kile cha mwanzo walikuwamo wabishi, na ubishi wao ndio uliosababisha kuongezwa maneno ya kumwachia kila mtu amwelewe Mungu kwa namna yake. Maneno hayo machache yalifungua mlango kuliko sura nzima iliyokusudiwa kuufungua.

Sasa tukilete kitabu pwani. Heroini iliingia kwetu katika miaka ya 1980, ikapewa jina la unga, na mtumiaji wake akapewa jina la teja. Kitabu cha 1939 hakikuijua habari hiyo. Kilichotufikia zaidi ni tawi lake, Narcotics Anonymous, lililoanzishwa California mwaka 1953. Chama hicho kilizichukua hatua zote 12, lakini katika hatua ya kwanza kikaondoa neno pombe na kuweka uraibu. Kuanzia mwaka 2009 Zanzibar ikapata nyumba ambazo mitaani huitwa soba, na kwa lugha ya serikali ni nyumba za upataji nafuu. Humo kijana hukaa miezi, hupita arosto, na huongozwa na watu ambao wenyewe waliwahi kulala maskani wakisubiri kete.

Jina hilo la upataji nafuu linastahili kusifiwa. Ukurasa wa kichwa wa kitabu cha 1939 ulijitangaza kuwa ni habari za watu waliokwisha kupona. Baadaye wanachama wengi walianza kujiita watu wanaoendelea kupona, kwa kuwa waliona ugonjwa wenyewe unasubiri mlangoni. Kiswahili kimelikata shauri hilo kwa neno moja. Mtu aliyepata nafuu si mgonjwa wa jana, na hajasema kwamba hataugua tena. Wilson mwenyewe ni mfano: pombe hakuigusa tena, lakini sigara alizivuta miaka mingi, na alikufa Januari 1971 kwa maradhi ya mapafu. Uraibu, neno ambalo wazee walilitumia kwa tambuu na tumbaku, ulikuwa umebadilisha nguo tu.

Neno jingine halikusafiri vizuri. Katika mikutano ya Marekani mtu aliyeacha pombe miaka 20 husimama akasema kwamba yeye ni mlevi. Kwa Kiswahili sentensi hiyo inagoma. Mlevi ni mtu anayelewa. Asiyelewa tena si mlevi, na akijiita hivyo tutadhani anatania. Lugha yetu inamtambua mtu kwa kitendo chake. Waandishi wa kitabu walitaka neno la kumtambua kwa hatari aliyonayo. Mraibu, kwa kuwa halitokani na kitenzi cha kunywa wala kuvuta, linakaribia. Teja ni jambo jingine kabisa. Hilo ni jina la kurushiwa mtu kama jiwe, na anayelisema mwenyewe mbele ya wenzake, kwa sauti tulivu, analichukua jiwe lile mkononi mwa aliyerusha. Hapo neno la aibu linageuka kuwa neno la kutambuana.

Lakini, msomaji Mwislamu atauliza, vipi kuhusu sitara? Tumefundishwa kwamba anayefanya dhambi asiitangaze, na kwamba Mungu akikusitiri usijifunue. Swali hili ni zito, wala halijibiwi kwa kusema kwamba wazungu ndivyo walivyo. Jibu langu ni kwamba anayejitangaza anajionyesha, na msimuliaji wa mkutanoni anamtafuta mwenziwe. Kinachosemwa pale kinabaki pale, na jina la mtu halitoki nje. Hiyo nayo ni sitara, iliyojengwa kwa mikono ya watu kumi au ishirini badala ya mmoja. Na ukilinganisha hatua hizo na masharti ya toba, yaani kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia na kurejesha haki za watu, utaona kwamba hatua ya nane na ya tisa zingeweza kuelezwa darasani na sheikh yeyote. Kijana aliyeiba feni ya mama yake akaiuza anajua vizuri kwamba kusamehewa na Mungu hakumrudishii mama feni. Ugumu ni kwamba katika mtaa ambao kila mtu anamjua kila mtu, kutotajwa majina ni ahadi inayovunjika upesi, na anayeivunja anavunja chombo chote.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa watumiaji wa heroini dawa ya methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, inayoondoa arosto na kumwezesha mtu kuishi na kufanya kazi. Baadaye huduma hiyo ilifika Kenya na Zanzibar. Hapo njia mbili zikakutana, na hazikukutana kwa salamu. Kwa mtazamo wa Narcotics Anonymous, mtu anayetumia methadoni hajawa msafi. Waraka wa chama hicho wa mwaka 1996 ulimkaribisha mkutanoni, lakini uliviachia vikundi nafasi ya kumtaka asikilize tu bila kuzungumza. Nayaelewa makusudi yake. Kikundi kilichojengwa juu ya kuacha kabisa kinaogopa kutikiswa. Ila tumwangalie mtu mwenyewe. Ameacha kujidunga. Amekuja kutafuta wenzake. Anaambiwa akae, anyamaze. Amepewa kiti na amenyimwa "sisi".

Hili si suala la adabu ya mikutano tu. Kwa upande wa pombe, ushahidi wa kukutana na wenzako ni mzuri. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020 yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Yalionyesha kwamba programu zinazowaelekeza wagonjwa kwenye chama hiki ziliwawezesha watu wengi zaidi kuacha kabisa kuliko tiba nyingine zinazotambulika. Kwa upande wa heroini, ushahidi mkubwa uko kwenye dawa. Methadoni hupunguza vifo waziwazi. Anayeiacha kwa kuona haya, ili naye ahesabiwe msafi, kisha akateleza na kurudia kiasi kilekile cha zamani, hukuta mwili umekwisha kupoteza uzoefu wake, na mara nyingi haamki. Kitabu kinachosomwa kama sheria kinaweza kumfikisha mtu hapo, ilhali waandishi wake walikaa na kalamu wakifuta amri.

Tena chama chenyewe kina kanuni ya kumtetea mtu huyo. Mapokeo yake 12, yaliyoandikwa mwaka 1946 na kukubaliwa mwaka 1950, yanasema kwamba sharti pekee la kuwa mwanachama ni hamu ya kuacha. Narcotics Anonymous nao wanayo kanuni hiyo. Hapakusemwa ameacha kwa siku ngapi, wala kwa msaada wa nini. Mwenye hamu ni mwenyeji. Anayemsimamia kijana wa soba na muuguzi anayempimia methadoni wangeweza kuzungumza kwa kanuni hiyo moja, na pale wanapofanya hivyo hakuna anayepoteza kitu.

Je, kitabu hiki ni kizuri? Kama fasihi, nusu yake ni nzuri na nusu nyingine inachosha. Wilson alikuwa na ulimi wa dalali, na mara nyingine anauza pale ambapo angeeleza. Sehemu ya mwanzo haikubadilishwa sana tangu 1939, na umri wake unaonekana. Visa vya nyuma vimebadilishwa katika matoleo ya 1955, 1976 na 2001, na nadhani uamuzi huo ulikuwa wa busara: visa ndivyo vinavyozeeka upesi, na ndivyo vinavyoponya. Sisi wa pwani bado hatujapata visa vyetu kitabuni. Vinasimuliwa kila jioni katika vyumba vya Unguja na kwingineko, kwa Kiswahili kilichonyooka, na vinaishia humo kwa sababu ndivyo ilivyoahidiwa. Siku watakapojitokeza watakaokubali kuviandika bila majina, waanze na mwanamke, na aliyeteleza, na anayekunywa methadoni yake saa mbili asubuhi kisha akaenda kazini. Hao ndio waliobaki nje ya "sisi" ya 1939, na kitabu kitakachowaingiza kitakuwa kimekifuata kile cha kwanza kuliko kitakachokitafsiri neno kwa neno.